Ustadi wa Kupima Maneno

Katika shule za lugha za Japani, darasa la wanaoanza halizidi wanafunzi 20. Mmoja katoka Nepal, wawili Vietnam, mwingine Myanmar, mwingine Sri Lanka, na pengine yumo Mchina anayezielewa alama nyingi za kanji ila hajui kuzitamka Kijapani. Hakuna lugha moja inayowaunganisha wote. Kiingereza cha baadhi yao ni cha kuombea maji, na mwalimu naye ameamua asikitumie. Anaingia, anainama kidogo, anasalimu, kisha anaanza kufundisha Kijapani kwa Kijapani, mbele ya watu wasiojua Kijapani.

Ukiambiwa hivyo kwa mara ya kwanza utadhani ni ukaidi. Mtu asiyejua neno utamwelezaje neno hilo kwa maneno mengine asiyoyajua? Walimu wa Kijapani wamelijibu swali hilo kwa kazi ya zaidi ya karne moja, na kadiri ninavyoiangalia kazi hiyo ndivyo ninavyozidi kuwastahi.

Mwalimu ananyanyua kitabu. "Hon desu ka?" anauliza, na kwa kutikisa kichwa anawaonyesha jibu: "Hai, hon desu." Ndiyo, ni kitabu. Ananyanyua kalamu na kuuliza swali lilelile. "Iie," siyo. Kisha anawapa uchaguzi: "Hon desu ka, pen desu ka?" Mwisho kabisa ndipo anapouliza: "Nan desu ka?" Ni nini? Maswali ni manne, na kila moja linamdai mwanafunzi kidogo zaidi ya lililotangulia. La kwanza linataka akubali tu. La pili linataka akatae. La tatu linamtaka achague kati ya maneno mawili aliyokwisha kuyasikia. La nne peke yake ndilo linalomtaka alitoe neno kichwani mwake, na linapofika, neno lenyewe limekwisha kupita masikioni mwake mara kadhaa. Hakuna hatua aliyoulizwa jambo asiloweza kulijibu.

Jina linalotajwa sana katika ufundishaji huu wa maswali na majibu ni la Naganuma Naoe, aliyezaliwa 1894 na kufariki 1973. Naganuma alimfuata kwa karibu Harold Palmer, Mwingereza aliyefika Japani mwaka 1922 kurekebisha ufundishaji wa Kiingereza katika shule za huko. Palmer alishughulika na Wajapani waliojifunza Kiingereza. Naganuma akaigeuza njia hiyo, akaitumia kwa wageni waliojifunza Kijapani, wakiwemo maofisa wa ubalozi wa Marekani mjini Tokyo. Vitabu alivyovitunga katika miaka ya 1930 vilivuka bahari. Vita kati ya Japani na Marekani vilipowaka, Jeshi la Wanamaji la Marekani lilivitumia kuwafunza maofisa wake wa lugha huko Boulder, Colorado. Mmoja wa waliopitia mafunzo hayo ni Donald Keene, ambaye baadaye aliyatoa maisha yake yote kwa fasihi ya Kijapani, na mwaka 2012, akiwa na umri wa miaka 89, akachukua uraia wa Japani. Naganuma mwenyewe alianzisha shule Tokyo mwaka 1948, nayo ingali inafundisha.

Kabla yake walikuwapo wengine. Kano Jigoro, yuleyule mwasisi wa mchezo wa judo, alifungua shule iitwayo Kobun Gakuin mwaka 1902 kwa ajili ya vijana wa Kichina waliokuja Tokyo kutafuta elimu mpya. Lu Xun, aliyekuja kuwa mwandishi mkubwa wa China, alisoma hapo. Mwalimu mmojawapo alikuwa Matsumoto Kamejiro, ambaye mwaka 1904 alichapisha sarufi ya Kijapani yenye maelezo ya Kichina kwa ajili ya wanafunzi wa namna hiyo. Muongo mmoja baadaye akafungua shule yake, na mwaka 1917 akaja kujifunza hapo kijana aliyeitwa Zhou Enlai, waziri mkuu wa baadaye wa China.

Historia hii ina upande wa giza, na mtu anayeusifu ufundi huu kwa dhati hana budi kuutaja. Njia ya kufundisha Kijapani kwa Kijapani ilipata mazoezi yake makubwa ya mwanzo nchini Taiwan, baada ya Japani kuitwaa mwaka 1895, na baadaye Korea. Huko lugha haikuwa zawadi. Watoto waliingizwa Kijapani kwa amri ya mtawala, na kufikia mwisho wa miaka ya 1930 Kikorea kilikuwa kikisukumwa nje ya madarasa ya Korea yenyewe. Sisi ambao wazee wetu waliadhibiwa shuleni kwa kusema lugha ya nyumbani tunalijua jambo hilo bila kuelezwa. Mbinu ileile, ikishikwa na mtu anayetawala, huwa ni kumziba mtoto kinywa. Ikishikwa na mwalimu ambaye mwanafunzi amemfuata kwa hiari yake, huwa ni mlango. Kwa hiyo ninaposema ninaistahi kazi hii, nasema juu ya kile kinachoifanya iwe mlango: mwalimu kujua kwa hakika mwanafunzi wake ana maneno gani leo, na kujizuia asiyavuke isipokuwa kwa hatua moja aliyoipanga.

Kujizuia huko ni kugumu kuliko kunavyoonekana. Chukua kitabu cha *Minna no Nihongo*, kilichotoka mwaka 1998 na ambacho bado kinatumika katika shule nyingi. Ngazi ya mwanzo ina masomo 50 katika juzuu mbili. Hadi somo la 13, mwanafunzi anavijua vitenzi kwa umbo la adabu tu, lile la *-masu*. Umbo la *-te*, ambalo Mjapani hawezi kumaliza hata kifungua kinywa bila kulitumia, linangoja somo la 14. Maana yake ni kwamba mwalimu wa somo la 12 anapoingia darasani inambidi aliache nje, ila katika amri chache ambazo wanafunzi wamezikariri tangu siku ya kwanza. Hawezi kusema "nasoma sasa hivi". Hawezi kuunganisha vitendo viwili kwa njia aliyoizoea tangu utotoni. Anazungumza Kijapani sahihi kabisa, chenye adabu, kisicho na kosa, lakini kilichokatwa kwa kipimo cha watu 20 waliomo chumbani siku hiyo. Wiki ijayo kitakuwa kimerefuka kidogo. Akihamia darasa la jirani, lililo nyuma kwa masomo matatu, inambidi akipunguze tena.

Kisha somo la 14 linafika. Mwalimu hasemi "leo tutajifunza umbo la *-te*". Anajipepea kwa daftari. "Atsui desu ne," anasema, joto, au siyo? Hayo wanayajua tangu somo la nane. Anamgeukia mwanafunzi aliyekaa karibu na dirisha, anamwonyesha dirisha kwa mkono uliofunguka: "Sumimasen, mado o akete kudasai." Mwanafunzi hajapata kulisikia neno *akete*. Lakini joto analijua, *mado* ni dirisha analijua, na ombi analisoma katika mkono na uso wa mwalimu. Anainuka, anafungua. Mwalimu anamshukuru. Maana imekwisha kuingia kabla ya kanuni kutajwa, tena imeingia kwa njia ya kitendo ambacho mwanafunzi amekitenda mwenyewe.

Ndipo kadi zinapobandikwa ubaoni. *Kaimasu*, *machimasu*, *kaerimasu*: kununua, kungoja, kurudi nyumbani. Chini yake *katte*, *matte*, *kaette*. Mwalimu ananyamaza, anawaacha watazame. Kundi jingine: *yomimasu* na *yobimasu*, kusoma na kuita, yote mawili yanakuwa *yonde*. Kundi jingine: *kakimasu*, kuandika, *kaite*, *oyogimasu*, kuogelea, *oyoide*. Wanafunzi wanaanza kunong'onezana na kuona kwamba sauti iliyo kabla ya *-masu* ndiyo inayoamua. Likibaki neno moja korofi, *ikimasu*, kwenda, ambalo kwa haki lingekuwa *iite* lakini linakuwa *itte*, mwalimu analizungushia duara jekundu. Walimu wengi huzipanga kanuni hizi katika wimbo mfupi wenye tuni inayojulikana, na watu wazima waliokwisha kuwa wahandisi na wauguzi makwao huuimba bila haya, kwa sababu unawasaidia.

Sauti nazo zina ufundi wake. Kijapani huhesabu mapigo, na kila pigo huchukua takribani muda uleule. *Kite*, njoo, ni mapigo mawili. *Kitte*, stempu, ni matatu, na lile la katikati ni kimya kinachohesabiwa. *Obasan* ni shangazi au mama wa makamo. *Obaasan* ni bibi kizee. Mwalimu hupiga makofi au huhesabu kwa vidole, pigo kwa pigo, mpaka mwili wa mwanafunzi uzoee. Msemaji wa Kiswahili anakuja na mtaji mzuri hapa: irabu zake tano zinakaribiana sana na zile za Kijapani, na silabi zake huishia kwa irabu. Lakini anakuja pia na mazoea ya kuweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na kuivuta kidogo, na kwa mvuto huo ni rahisi shangazi wa mtu kugeuka bibi. Mwalimu mzuri hamwambii tu kwamba amekosea. Anajua kosa limetoka wapi, kwa sababu ameisikiliza lugha ya mwanafunzi.

Usikilizaji huo unapimwa. Tangu miaka ya mwisho ya 1980 upo mtihani wa uwezo wa kufundisha Kijapani, na sehemu yake moja, ya nusu saa, ni ya kusikiliza tu. Mtahiniwa anasikilizishwa sauti ya mgeni akisema neno au sentensi. Mbele yake ipo michoro ya kinywa kilichokatwa ubavuni, ikionyesha ulimi, meno na kaakaa. Mgeni ametaka kusema *tsukue*, meza, amesema *chukue*. Mtahiniwa achague mchoro unaoonyesha ulimi wake ulikuwa wapi. Mjapani wa kawaida angesema tu kwamba huyu ana lafudhi. Mwalimu inambidi auone ulimi asiouona, maana asipojua umekaa wapi hawezi kumwambia mwenyewe ausogeze wapi.

Na utamaduni? Watu hudhani utamaduni wa Kijapani ni kimono, sherehe ya chai na kukunja karatasi, vitu vya kufundishwa Ijumaa alasiri wakati darasa limechoka. Hivyo vina nafasi yake. Lakini mwalimu aliyeiva anajua kwamba utamaduni umekaa ndani ya kitenzi. Kutoa, kwa Kijapani, kunategemea kitu kinakwenda upande gani. Mimi nikikupa wewe, ni *agemasu*. Wewe ukinipa mimi, ni *kuremasu*. Mwalimu huchora duara ubaoni, ndani yake akaandika "mimi". Kisha anamwingiza dada yangu ndani ya duara, na mama yangu. Rafiki akimpa dada yangu kitabu, kitenzi ni *kuremasu*, kama kwamba nimepewa mimi, kwa kuwa dada yangu ni wa upande wangu. *Minna no Nihongo* inafundisha *agemasu* katika somo la saba, na *kuremasu* inaiweka hadi somo la 24. Masomo 17 ya kungoja! Waandishi waliona kwamba mwanafunzi hawezi kubebeshwa maumbo yote kwa pamoja, hivyo lile lenye mzigo mzito wa uhusiano wa watu wakaliweka mbali, mpaka miguu yake iwe na nguvu.

Kutoka hapo mambo yanazidi kuwa mazito. Rafiki akinisaidia kazi, nikisema tu kwamba alisaidia, sentensi ni sahihi lakini ni baridi. Inanibidi niongeze *-te kuremashita*, nionyeshe kwamba msaada ule niliupokea kama kitu nilichopewa. Shukrani imo katika sarufi yenyewe. Kinyume chake, mwanafunzi mwenye heshima zake akimwona mwalimu na mzigo, akamwambia "motte agemasu", sarufi haina kasoro na nia ni njema, lakini sikioni inasikika kama anamfadhili mkubwa wake. Mwalimu asiyejua kazi atacheka au atanuna. Anayeijua atamfundisha aulize kwa upole, "mochimashou ka", nikubebee? Mwanafunzi ataondoka na kanuni, na pia na namna ya kusimama mbele ya mtu mzima. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo tunaelewa haraka kwa nini neno moja linaweza kuwa sahihi na bado likawa si la adabu.

Ustadi huu hauji kwa kuzaliwa Mjapani. Kwa miaka mingi kipimo kilichokubalika cha kozi ya ualimu huu kimekuwa saa 420. Mwanagenzi anaandika andalio la somo ambalo limegawanywa kwa dakika: safu moja ya muda, nyingine ya maneno yake mwenyewe kama atakavyoyasema, nyingine ya majibu anayoyatarajia, nyingine ya kadi na ubao. Kisha anafundisha mbele ya wenzake, ambao wanajifanya wanafunzi wanaojua Kijapani cha masomo kumi tu. Hapo ndipo wengi wanapotoka jasho. Akitumia neno moja lisilokuwamo katika masomo hayo, mkufunzi anamsimamisha: neno hilo wamelijifunza wapi? Mwanagenzi anagundua kwamba lugha anayoijua kuliko kitu chochote duniani haijui kwa upande wa nje. Hajawahi kujiuliza kwa nini mahali hutajwa kwa *ni* hapa na kwa *de* pale. Inambidi ajifunze lugha yake upya, kama mgeni, ndipo aweze kumpokea mgeni.

Walimu wetu wanaofundisha Kiswahili kwa wageni kule Zanzibar wanaujua mtihani huo. Mjerumani akiuliza kwa nini neno "nyumbani" hufuatwa na "mwa" mara hii na "kwa" mara nyingine, kuwa mzaliwa wa Unguja peke yake hakutoi jibu.

Ndiyo maana nawaheshimu kwa namna ya pekee walimu wa Kijapani wasio Wajapani, ambao walipita njia hiyo ya mgeni tangu mwanzo. Mwaka 1989 Japan Foundation ilifungua kituo cha lugha huko Urawa, kaskazini mwa Tokyo, ambako walimu kutoka nchi mbalimbali huja kuiimarisha lugha yao, kujifunza mbinu na kuiona Japani wanayoifundisha. Taasisi hiyo imetoa pia mfululizo wa vitabu 14 vya mbinu za kufundishia, kuanzia kufundisha sauti hadi kufundisha utamaduni. Katika uchunguzi wake wa mwaka 2021 ilihesabu karibu wanafunzi milioni 3.8 nje ya Japani na walimu zaidi ya 74,000, katika nchi na maeneo 141. Afrika Mashariki imo, na waliosikiliza Idhaa ya Kiswahili ya NHK, shirika la utangazaji la Japani, wameyapata masomo ya Kijapani yaliyoelezwa kwa Kiswahili. Mwalimu Mkenya anayefundisha Kijapani Nairobi ana kitu ambacho mzawa wa Kyoto hana: anakumbuka mahali alipojikwaa.

Nchini Japani kwenyewe kazi hii ilidharauliwa muda mrefu. Wengi hulipwa kwa saa, na katika madarasa ya mitaani wengi hujitolea kabisa. Watu walisema mzawa yeyote anaweza. Mwaka 2019 ilipitishwa sheria ya kukuza elimu ya Kijapani, na tangu Aprili 2024 kuna cheti cha taifa cha mwalimu wa Kijapani aliyesajiliwa. Mwenye kukitaka anapimwa katika maeneo matano, yakiwemo lugha, jamii, saikolojia na elimu, na anapitia mafunzo kwa vitendo: kuangalia madarasa, kuandaa somo, kufundisha kwa majaribio, kufundisha wanafunzi halisi, kisha kukaa na kuyatafakari aliyoyafanya. Nchi imekiri kwa sheria kwamba kuizungumza lugha si sawa na kuifundisha.

Faida ya ustadi huu imevuka kuta za darasa. Alfajiri ya tarehe 17 Januari 1995 tetemeko kubwa liliipiga Kobe na miji ya jirani. Wageni wengi waliokuwapo hawakuelewa matangazo. Baada ya hapo wataalamu wa lugha wakiongozwa na Sato Kazuyuki wa Chuo Kikuu cha Hirosaki walianza kutengeneza Kijapani chepesi cha wakati wa maafa. Tangazo la kawaida lingesema "takadai ni hinan shite kudasai", kwa maneno mazito ambayo mgeni wa mwaka mmoja hayajui. Kijapani chepesi kinasema "takai tokoro ni nigete kudasai", kimbilieni mahali pa juu. *Takai*, *tokoro*, *nigete*: ni msamiati wa ngazi ya mwanzo, na hilo la mwisho liko katika umbo lilelile la somo la 14. Mwaka 2020 serikali ilitoa mwongozo wa kutumia Kijapani hicho katika kuwahudumia wageni wanaoishi nchini, na makarani wa ofisi za miji hufundishwa kufupisha sentensi, kuacha maneno ya kiofisi, na kumtazama usoni aliye mbele yao.

Kwa maneno mengine, mzawa sasa anaombwa ajifunze kile ambacho mwalimu wa Kijapani amekuwa akikifanya kimyakimya kila asubuhi: ajue mwenzake ana maneno gani, aanzie hapo. Walimu hawa wamethibitisha kwamba jambo hilo lina kanuni, linafundishika, na linaweza kumwokoa mtu. Wanastahili mshahara wa mafundi na heshima ya mafundi, huko kwao na popote palipo na mtu anayemfundisha mgeni lugha ya nyumbani.